Je, kivuruga leza hushinda tochi ya trafiki? Kupanga jaribio na kusoma matokeo yake

Aliyewahi kusafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro au Arusha anaijua ishara ile. Dereva anayekuja mbele anawasha na kuzima taa mara mbili, dereva wetu anapunguza mwendo, na baada ya kona kweli yupo askari wa usalama barabarani ameshika kifaa mfano wa kamera. Abiria wanaambiana, "Kuna tochi." Jina hilo limetoka mtaani, lakini kifizikia limekaa vizuri kuliko majina mengi ya kitaalamu. Tochi ya leza, ambayo ndiyo tunayoijadili hapa, kazi yake kweli ni kumulika gari. Tofauti yake na tochi ya nyumbani ni kwamba mwanga wake hauonekani kwa macho.

Mada hii inaunganisha mambo matatu uliyosoma mbalimbali tangu Kidato cha Kwanza: uchunguzi wa kisayansi, mwendo katika mstari mnyoofu, na mwanga. Ndiyo maana inafaa sana kwa marudio. Tuanze na swali lenyewe.

Swali la mfano: Muuzaji anadai kwamba kifaa anachouza, kikifungwa mbele ya gari, kinaishinda tochi ya leza ya polisi. Eleza jinsi ambavyo ungechunguza ukweli wa dai hilo. (Alama 10)

Jibu la haraka ambalo watahiniwa wengi huandika ni hili: "Nitafunga kifaa kwenye gari. Nitapita mbele ya tochi kwa mwendo mkubwa. Tochi isipoonyesha namba, kifaa kinafanya kazi." Jibu hili halifiki mbali. Halijasema "kushinda" maana yake nini, halina kitu cha kulinganisha nacho, na linategemea mpito mmoja tu. Lakini huwezi kulirekebisha mpaka ujue tochi inapima nini.

Tochi inapima muda

Tochi ya leza haipimi mwendo moja kwa moja. Inapima muda. Inatuma mapigo mafupi sana ya mwanga wa infraredi wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 905, mapigo mia moja au zaidi kila sekunde. Kila pigo linakwenda hadi kwenye gari, linaakisiwa, na sehemu ndogo yake inarudi kwenye kitambuzi kilichomo ndani ya tochi. Kwa kuwa spidi ya mwanga inajulikana (3 × 10⁸ m/s), tochi inakokotoa umbali:

d = ct ÷ 2

Tunagawa kwa 2 kwa sababu mwanga umekwenda na kurudi. Hapa ndipo alama nyingi hupotea, kwa hiyo fuatilia mfano huu kwa makini.

Tuseme pigo la kwanza linatumia mikrosekunde 2.00 kwenda na kurudi. Baada ya sekunde 0.3, pigo jingine linatumia mikrosekunde 1.96.

Umbali wa kwanza: (3 × 10⁸ × 2.00 × 10⁻⁶) ÷ 2 = 300 m
Umbali wa pili: (3 × 10⁸ × 1.96 × 10⁻⁶) ÷ 2 = 294 m
Gari limesogea: 300 − 294 = 6 m
Mwendokasi: 6 ÷ 0.3 = 20 m/s, sawa na 72 km/saa

Ukisahau kugawa kwa 2 utapata 144 km/saa, na utakuwa umemwandikia dereva faini isiyo yake. Ukishapata jibu, jiulize kama linaingia akilini.

Angalia pia udogo wa muda wenyewe. Tofauti kati ya mapigo yale mawili ni mikrosekunde 0.04, yaani nanosekunde 40. Saa ya mkononi haiwezi hata kuota kupima hivyo. Kwa kuwa kipimo kimoja chenye kosa dogo kingeharibu jibu lote, tochi haitegemei mapigo mawili tu kama tulivyofanya kwenye mfano. Inachukua umbali mwingi mfululizo ndani ya sehemu ya sekunde, kisha inakagua kama namba hizo zinapungua kwa mpangilio. Mfululizo kama 300.0, 299.8, 299.6, 299.4 unaeleweka: kitu kinakuja kwa mwendo usiobadilika. Tochi inakubali na kuonyesha namba. Mfululizo ukiwa 300, 118, 407, 56, hakuna gari duniani linalotembea hivyo. Tochi inakataa na kuonyesha alama ya hitilafu.

Kukataa huko ndiko kivuruga leza hukutafuta.

Kivurugaji kinafanya nini

Kivuruga leza kina vichwa vidogo vinavyofungwa mbele ya gari, karibu na kibao cha namba au taa. Kila kichwa kina kitambuzi cha infraredi na chanzo cha mwanga wa aina hiyohiyo. Mapigo ya tochi yakikifikia, kinayatambua na kuanza kutuma mapigo yake kuelekea ilikotoka leza. Tochi sasa inapokea mwanga wa kweli uliorudi kutoka kwenye gari pamoja na mwanga wa uongo, na haiwezi kutofautisha. Umbali unaokokotolewa unarukaruka, na tochi inakataa kutoa jibu.

Elewa vizuri: kivurugaji cha namna hii hakiifanyi tochi isome 50 km/saa wakati gari linakwenda 110. Kinaifanya isisome kitu. Mtahiniwa anayeandika kwamba kifaa "kinapunguza mwendo unaoonekana kwenye tochi" amekosea fizikia yake.

Ili kifanikiwe, kivurugaji lazima kilenge wakati. Kinajifunza nafasi ya muda kati ya pigo na pigo la tochi, kisha kinatuma mapigo yake kwenye nafasi hizo. Hapo ndipo watengenezaji wa tochi walipoona mwanya wa kujibu. Wakitengeneza tochi ambayo nafasi kati ya mapigo yake hubadilikabadilika, kivurugaji kilichozoea mpangilio wa zamani kinapotea njia. Watengenezaji wa vivurugaji nao hubadilisha programu zao. Kwa hiyo kifaa kilichoshinda tochi fulani jana si lazima kishinde tochi nyingine leo, na jambo hili litatusumbua kwenye jaribio letu.

Kuna tochi za rada pia. Hizo hutumia mawimbi ya redio, kwa mfano ya masafa ya takriban 24 GHz, na hupima badiliko la masafa la mawimbi yaliyoakisiwa na gari linalosogea, yaani athari ya Doppler. Kitambuzi cha infraredi hakiyahisi mawimbi hayo kabisa. Kivuruga leza mbele ya tochi ya rada ni sawa na kuziba masikio ili usionekane.

"Kushinda" maana yake nini?

Kabla ya kugusa gari, andika maana ya neno lililobeba dai. Huu ndio mstari unaotenganisha jibu la alama 4 na jibu la alama 9.

Kushinda kunaweza kuwa na maana kwamba tochi haitoi namba katika umbali wote unaopimwa. Kunaweza pia kuwa na maana kwamba tochi inachelewa kutoa namba, ikasoma gari likiwa mita 90 badala ya mita 400. Au kunaweza kuwa na maana kwamba askari hajui kabisa kama kuna kitu kimefanyika. Hayo ni madai matatu tofauti, na kifaa kimoja kinaweza kufaulu katika moja na kufeli katika jingine.

Kisa cha kweli kinaonyesha tofauti hiyo. Mwaka 2018 mahakama moja ya kaskazini mwa Uingereza ilimhukumu dereva kifungo cha miezi 8 kwa kosa la kuvuruga mkondo wa haki. Alikuwa amefunga kivuruga leza kwenye gari lake, na kwa maana ya kwanza kifaa kilifanya kazi: kamera za mwendo zilizokuwa kando ya barabara zilishindwa kupata mwendokasi wake. Lakini kamera hizohizo zilikuwa zinarekodi picha. Gari lilionekana, na dereva alionekana akiwaonyesha askari kidole cha matusi kila alipopita. Kushindwa kwa tochi kukawa ndiyo habari iliyowafanya wachunguzi wamfuatilie. Ukiulizwa kama kifaa chake "kiliishinda" tochi, jibu linategemea umeandika maana ipi kwenye karatasi yako.

Nchini Marekani, ambako vifaa hivi vina wanunuzi wengi, sheria ya shirikisho inakataza kuvuruga rada, lakini vivuruga leza vimeachiwa majimbo. California na Texas ni miongoni mwa majimbo yaliyovipiga marufuku. Wapenzi wa magari huko hukodi au kufunga barabara, hukusanya tochi za aina mbalimbali, na kupima kifaa kimoja baada ya kingine. Wamejifunza kwa vitendo jambo ambalo tangazo la muuzaji halisemi: kifaa kimoja kinaweza kuvuruga tochi moja kabisa na kushindwa mbele ya nyingine iliyo mezani palepale.

Kupanga jaribio

Jaribio lifanyike kwenye barabara iliyofungwa, isiyo na watu wala magari mengine. Kupima mbele ya askari wa kweli kwenye barabara kuu si jaribio: huchagui tochi, huchagui shabaha, huwezi kurudia, na unahatarisha watu.

Kigeu huru, yaani kile unachokibadilisha kwa makusudi, ni hali ya kivurugaji: kimewashwa au kimezimwa. Kigeu tegemezi ni kile unachokisoma: kama tochi imetoa namba, na kama imetoa, gari lilikuwa umbali gani ilipotoa namba ya kwanza. Vingine vyote vibaki vilevile. Tumia gari lilelile, tochi ileile, mwendo uleule, mshika tochi yuleyule, na mahali palepale.

Sasa lile jambo ambalo jibu la haraka lilisahau. Tochi inaweza kushindwa kusoma hata pasipo kivurugaji. Mkono wa mshika tochi unaweza kutikisika. Kibao cha namba kilichojaa tope hurudisha mwanga kidogo. Mvua na vumbi hutawanya mapigo. Betri inaweza kuwa dhaifu. Kwa hiyo ukiona hitilafu wakati kivurugaji kimewashwa, bado hujui imesababishwa na nini. Lazima uwe na mipito ya kulinganishia, kifaa kikiwa kimefungwa palepale kwenye gari lakini kimezimwa. Kiache mahali pake, usikiondoe, ili umbo la mbele ya gari lisibadilike.

Mpangilio wa mipito usiwe "ishirini kimezimwa, kisha ishirini kimewashwa". Kufikia saa sita mshika tochi amechoka, jua limebadilika, na betri imeshuka, na mabadiliko yote hayo yataangukia upande mmoja. Rusha sarafu kabla ya kila mpito: mwenge, washa; upande wa pili, zima. Dereva ajue matokeo ya sarafu, mshika tochi asijue. Mtu anayejua kwamba kifaa kimewashwa anaweza, bila kukusudia, kulenga kwa bidii zaidi au kukata tamaa mapema.

Shabaha nayo inahitaji uangalifu kuliko watahiniwa wengi wanavyodhani. Mwanga wa leza si mstari usio na unene. Unatanuka kidogo kadiri unavyokwenda mbali. Tuchukue tochi ambayo mwanga wake hutanuka kwa miliradiani 3. Upana wa doa la mwanga ni umbali mara 0.003. Katika mita 600 doa lina upana wa mita 1.8, karibu upana wa gari dogo zima. Katika mita 300 ni mita 0.9. Katika mita 100 ni sentimita 30 tu. Maana yake ni kwamba gari likiwa mbali, mwanga unagusa mbele yote, pamoja na vichwa vya kivurugaji popote vilipo. Likikaribia, doa dogo linaweza kutua kwenye taa ya kushoto na kuviacha vichwa vya katikati bila mwanga wa kutosha kuvigutua. Kifaa kinachofaulu katika mita 400 kinaweza kufeli katika mita 100 kwa sababu hiyo. Basi amua mapema mshika tochi atalenga wapi. Kibao cha namba ni shabaha ya kawaida kwa sababu hutengenezwa kirudishe mwanga kule ulikotoka. Kisha fanya seti nyingine ya mipito ukilenga taa.

Mwishoni, unahitaji njia ya pili ya kujua mwendo wa kweli wa gari, isiyotegemea tochi. Chora mistari miwili barabarani yenye umbali wa mita 100, na upime muda kwa saa ya kusimamisha. Gari la 20 m/s litatumia sekunde 5. Kosa la mkono la sekunde 0.2 ni asilimia 4, linavumilika. Ukitumia mita 20 tu, muda ni sekunde 1 na kosa lilelile linakuwa asilimia 20.

Kusoma matokeo

Namba zifuatazo tumezitunga kwa ajili ya zoezi. Kila hali ilikuwa na mipito 20.

Hali A: kivurugaji kimezimwa, tochi ya kwanza, shabaha kibao cha namba. Namba ilipatikana mara 19.
Hali B: kimewashwa, tochi ya kwanza, shabaha kibao cha namba. Namba ilipatikana mara 3.
Hali C: kimewashwa, tochi ya kwanza, shabaha taa ya kushoto. Namba ilipatikana mara 11.
Hali D: kimewashwa, tochi ya pili, shabaha kibao cha namba. Namba ilipatikana mara 18.

Linganisha A na B. Kigeu kimoja tu kimebadilika, na namba imeshuka kutoka 19 hadi 3. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuitwa bahati. Tunaweza kusema kivurugaji kinaizuia tochi ya kwanza mara nyingi, lakini si mara zote. Fikiria sasa mtu aliyefanya mpito mmoja tu wa kila hali. Ingewezekana kabisa akapata ule mmoja uliofeli katika A na mmoja wa ile mitatu iliyofaulu katika B, akatangaza kwamba kifaa kinaisaidia tochi!

Hali D inaonyesha kwamba mbele ya tochi ya pili kifaa hakina maana kubwa. Muuzaji akionyesha video ya tochi ya kwanza pekee, hajasema uongo, ila amechagua.

Hali C ni mtego. Watahiniwa wengi wataandika kwamba kivurugaji "hudhoofika" tochi ikilenga taa, kwa sababu namba zimepanda kutoka 3 hadi 11. Huenda ni kweli. Lakini kuna mipito inayokosekana: tochi ya kwanza ikilenga taa wakati kivurugaji kimezimwa. Bila hiyo hatujui ile mipito 9 iliyofeli imefeli kwa sababu ya kivurugaji au kwa sababu taa ni shabaha ngumu. Jibu zuri linasema hivyo waziwazi na kupendekeza seti ya tano. Mtahini hupenda kuona mtahiniwa anayejua mpaka wa data zake.

Tuseme pia kwamba katika mipito mitatu ya hali B iliyotoa namba, umbali wa wastani ulikuwa mita 90, wakati katika hali A ulikuwa mita 410. Kwa maana ya "kuchelewesha" kifaa kimefaulu. Kwa maana ya "kutotoa namba kabisa" kimefeli mara 3 kati ya 20. Hitimisho lako lirudie maneno ya maana uliyoandika mwanzoni, na litaje tochi, shabaha na umbali. "Kifaa kinafanya kazi" si hitimisho.

Mazoezi

1. Tochi ya leza inalenga gari lililo umbali wa mita 450. Kokotoa muda wa pigo kwenda na kurudi.

2. Baada ya sekunde 0.4 muda huo umepungua hadi mikrosekunde 2.92. Kokotoa mwendokasi wa gari kwa km/saa.

3. Gari hilo lina tungamo la kilo 1,500. Linganisha nishati mwendo yake katika mwendo uliopata na katika 20 m/s.

4. Mwanafunzi alipima kivurugaji kikiwa kimezimwa asubuhi kavu, kisha kikiwa kimewashwa jioni mvua ikinyesha. Tochi ilisoma mara 10 kati ya 10 asubuhi, na mara 4 kati ya 10 jioni. Akahitimisha kwamba kivurugaji hufanya kazi. Toa maoni yako.

Majibu

1. t = 2d ÷ c = 900 ÷ (3 × 10⁸) = 3 × 10⁻⁶ s, yaani mikrosekunde 3.00.

2. Umbali mpya ni mita 438. Gari limesogea mita 12 kwa sekunde 0.4, sawa na 30 m/s au 108 km/saa.

3. Katika 30 m/s: ½ × 1,500 × 30² = jouli 675,000. Katika 20 m/s: ½ × 1,500 × 20² = jouli 300,000. Mwendo umeongezeka mara 1.5, nishati imeongezeka mara 2.25. Breki ndizo zitakazoiondoa nishati hiyo, tochi iwe imesoma au haijasoma.

4. Vigeu viwili vimebadilika kwa pamoja: hali ya kivurugaji na hali ya hewa. Mvua peke yake hutawanya mapigo na inaweza kuizuia tochi kusoma. Arudie mipito ya hali zote mbili siku moja, katika hali moja ya hewa, akichagua mpangilio kwa sarafu.